Wiki Moja ya Theluji kwa Watu Wanne: Tathmini ya Huduma ya Ofisi ya Safari Mjini Mombasa

Kwa muda wa miaka miwili binti yetu wa miaka tisa alikuwa akituuliza swali lile lile: ikiwa Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, hapa jirani, akaja kuiwakilisha Kenya katika skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili miguuni, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, kwa nini yeye hajaiona hata theluji yenyewe? Mwaka jana mimi na mke wangu tuliamua kumjibu kwa vitendo. Tulikwenda katika ofisi moja ya safari hapa katikati ya mji, tukaeleza kwamba tuko wanne pamoja na mvulana wa miaka mitano, kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji, na kwamba fedha tulizonazo ni akiba ya mwalimu na karani wa bandarini. Haya ninayoandika ni tathmini ya kazi waliyotufanyia. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa lipo dai langu kwao ambalo bado halijajibiwa.

Nianze na lililo bora, kwa sababu ndilo lililotuwezesha kusafiri. Kila niliyemshauri kabla ya hapo aliniambia kwamba skii ni mchezo wa matajiri, na bei nilizoziona mwenyewe kwenye intaneti zilikuwa zikithibitisha neno hilo. Kijana aliyetuhudumia hakubishana nami. Alichukua kalenda ya mezani akaigeuza upande wangu. Alinionyesha kwamba bei za milima ya Alps hufuata likizo za shule za Ulaya: hupanda kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, hushuka kidogo Januari, kisha hupanda tena Februari, wakati shule za Ufaransa zinapofunga kwa zamu, kanda baada ya kanda. Sisi Januari hatuiwezi, maana watoto wetu wanarudi darasani. Lakini katikati ya Desemba shule zetu zimekwisha kufungwa na watoto wa Ulaya bado wako darasani. "Ami, hizo siku kumi kabla ya Krismasi ni zenu," aliniambia. Alijua hata kwamba tarehe 8 Desemba ni sikukuu nchini Italia, na kwamba watu wa Milan huadhimisha siku yao tarehe 7, wakaunganisha siku hizo na kupanda milimani kwa wingi. Kwa hiyo akatuwekea tarehe 10 hadi 17. Nyumba ile ile tuliyokodi nimeiangalia baadaye kwa wiki ya Krismasi, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya tuliyolipa.

Tatizo la kwenda mapema ni kwamba theluji huenda isiwepo, hasa katika vijiji vya chini. Hapo pia ofisi ilifikiri vizuri. Walituchagulia Livigno, kijiji cha Italia kilicho karibu na mpaka wa Uswisi, kwenye mwinuko wa mita 1,816, chenye miteremko inayofika karibu mita 2,800. Bonde lile ni la baridi kali, na tulipofika lilikuwa jeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Livigno vilevile haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, msamaha ambao mizizi yake ni ya zamani, tangu enzi za Napoleon, kwa sababu wakazi wake walikuwa maskini na majira ya baridi yaliwafungia njia. Kwa familia inayohesabu senti, jambo hilo linaonekana kwenye kaunta ya duka. Basi za kuzunguka kijijini ni za bure, nasi hatukuhitaji gari siku hata moja.

Nawasifu pia kwa suala la chakula, ambalo mke wangu ndiye aliyelisimamia. Mwanzo walitupendekezea hoteli yenye kifungua kinywa na chakula cha jioni. Mke wangu akawauliza nyama ya huko imechinjwa vipi, na kijana, badala ya kutupa maneno ya kutufurahisha, alikiri kwamba hawezi kutuhakikishia. Siku ya pili alitupigia simu akiwa amepata nyumba ndogo yenye jiko. Tulibeba dengu, viungo vya pilau na unga wa sima. Samaki, mayai na mboga tulinunua huko huko. Mara mbili tulikula mkahawani pizzoccheri, tambi za ngano nyeusi zinazopikwa na viazi, kabichi na jibini, na watoto wakaomba nyongeza. Jiko hilo, kwa hesabu yangu, lilituokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote lililoandikwa kwenye mkataba.

Safari yenyewe haikuwa na dosari. Tuliondoka uwanja wa ndege wa Moi, tukapitia Addis Ababa mpaka Milan, kisha tukapanda treni ya kawaida inayofuata ukingo wa ziwa Como hadi Tirano, na kutoka hapo basi la kupanda milima. Mwenye watoto wadogo ajue kwamba ni mwendo wa siku nzima baada ya kushuka kwenye ndege. Alale Milan usiku mmoja kwanza.

Sasa niseme yaliyonikera. Bei ya kwanza tuliyopewa kwenye karatasi ilikuwa nzuri mno, na uzuri wake ulitokana na yale yasiyoandikwa. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, haikuwemo: yuro 90 kwa kila mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, huku wa chini ya miaka 6 akiwa halipi. Kwetu hiyo ilikuwa yuro 225, kabla ya malipo ya kituo kinachopokea maombi, na kabla ya safari mbili za Nairobi kwa treni ya SGR, ambayo daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima kutoka Miritini. Kukodi mbao, buti na kofia ngumu hakukuwemo. Mwalimu wa skii hakuwemo. Tulipojumlisha yote, gharama iliongezeka kwa karibu theluthi moja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa siri. Yote yalijulikana siku ile tulipokaa mezani, na familia iliyojinyima kwa miaka miwili ina haki ya kuyaona kwenye ukurasa mmoja kabla haijalipa amana.

Jambo zito zaidi ni bima, na dai langu linahusu hiyo. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ofisi ilituuzia bima iliyotimiza sharti hilo. Nilipoisoma usiku mmoja nikiwa nyumbani Kisauni, niligundua kwamba michezo ya theluji imetengwa kabisa. Maana yake ni kwamba mke wangu angevunjika mguu akitembea barabarani angelipiwa, lakini angevunjika kwenye mteremko, kule hasa tulikokuwa tukipelekwa, asingelipiwa chochote. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2022 sheria ya Italia inamtaka kila anayeteleza kwenye miteremko awe na bima ya madhara anayoweza kumfanyia mtu mwingine. Tulinunua bima nyingine ya matibabu kwa fedha zetu, na ile ya madhara tukaipata kwa yuro chache kwa siku pamoja na tiketi za lifti, mitambo inayowapandisha watu mlimani. Naomba nirudishiwe gharama ya bima ya kwanza, kwa sababu aliyeiuza alijua tunakwenda kufanya nini.

Kosa la tatu ni tiketi za lifti. Walitukatia watu wazima na binti yetu tiketi za siku sita za mlima mzima. Kwa anayejifunza huo ni upotevu. Siku tatu za mwanzo hatukutoka kwenye vilima vidogo vya chini, na vituo vingi vya Alps huuza tiketi ndogo za lifti za wanaojifunza tu.

Kuhusu mavazi ofisi haikutushauri lolote, lakini soko la Kongowea lilitushauri. Marobota ya mitumba yanayotoka Ulaya huja na jaketi za skii na suruali zake, na wauzaji huwa hawajui wamuuzie nani katika joto hili. Tulipata jaketi nne na suruali nne, zipu zote nzima, kwa shilingi 5,200. Mama aliyetuuzia alizikagua mwenyewe mshono kwa mshono, akatutolea mbili zilizokuwa zimepasuka kwapani, akasema, "Hizi usimvishe mtoto, baba, upepo utampitia." Glavu na miwani ya theluji nunueni mpya. Kofia ngumu kodini, kwa maana tangu Novemba 2025 Italia inamlazimu kila mtu kuivaa kwenye miteremko, wala si watoto peke yao.

Asubuhi ya kwanza dukani, mzee mwenye duka la kukodi alipiga goti mbele ya mvulana wetu, akamvua soksi ya pili ambayo mama yake alimvisha kwa huruma, akamwachia moja nyembamba. Alituonyesha kwa vidole kwamba soksi mbili hubana damu na mguu ukazidi kuganda. Kisha akafunga vishikizo vya buti kimoja kimoja, akibonyeza muundi na kumtazama mtoto usoni. Saa moja baadaye mvulana huyo alikuwa amesimama juu ya mkanda wa mpira unaopanda kilima polepole, na mwalimu akimwelekeza akutanishe ncha za mbele za mbao na kuachanisha za nyuma ili apunguze mwendo na kusimama. Alielewa kabla yangu. Dada yake, "binti wa Kilifi" kama alivyokuwa akijiita, alianguka mara nyingi siku ya kwanza na ya pili; siku ya tano alishuka mteremko wa buluu, yaani ulio rahisi, kutoka juu hadi chini nyuma ya mwalimu, bila kuanguka, nami nilikuwa chini nikimsubiri.

Ofisi ile ningeitumia tena kwa tarehe, tiketi za ndege na nyumba. Bima, tiketi za lifti na mwalimu nitavitafuta mwenyewe, na sitatoa amana kabla sijapewa orodha ya gharama zote zilizomo na zisizomo, yenye sahihi yao. Barua yangu ya kudai fedha za bima waliipokea, na wameahidi kunijibu. Jaketi zimefuliwa, zimo kwenye gunia juu ya kabati. Ya mvulana itabidi ibadilishwe, kwa kuwa mikono yake inaanza kuwa mifupi.