Kalankoe ya elfu nane na chungu kisicho na tundu

Nimeshaenda mara tano kwenye kitalu kimoja cha maua kando ya barabara, hapa Mwanza upande wa Ilemela, kwa hiyo nina haki ya kukisema. Jina silitaji, na hata kibao hakina. Ni mwembe mmoja, wavu mweusi wa kivuli, viriba vilivyopangwa hadi ukingoni mwa mtaro, na kijana mwenye kopo la kumwagilia ambaye hata saa tisa alasiri atakuamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!"

Mara ya kwanza nilifuata kalankoe. Ule mmea mfupi wa majani manene yenye menomeno pembeni, na maua madogo yanayojikusanya juu kama shada la bi harusi. Niliyoipenda ilikuwa ya rangi ya chungwa. Kijana alianza na elfu kumi na mbili, tukaishia elfu nane. Kwa mmea wenyewe sina kinyongo. Niligeuza majani moja moja, sikuona wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye maungio ya majani. Shina lilikuwa limekakamaa, na machipukizi mengi ya maua yalikuwa bado yamefumba. Ukienda, chagua ya hivyo. Iliyochanua yote inavutia macho, lakini umeikuta sherehe inakaribia kwisha.

Kwenye chungu ndipo tulipokosana. Aliniuzia cha saruji kilichopakwa rangi nyeupe, elfu tano, akahamishia mmea palepale na udongo mweusi wa mbugani, akashindilia kwa dole gumba. Nikauliza tundu la kutolea maji liko wapi. "Mama, hiki ni cha ndani, hakitakiwi kuchafua sakafu." Nikabeba, nikapanda bajaji, nikajiona nimependeza.

Wiki ya tatu majani ya chini yakageuka njano, yakalegea kama ndizi iliyopitiliza. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipoushika mmea niutazame vizuri, ukang'oka wote mkononi bila mzizi hata mmoja, na harufu ya mtaro ikanipanda puani. Kumbe majani yale manene ni matangi, maji yamo humo. Mizizi inataka kunywa kisha ikauke, na mimi nilikuwa nimeiloweka kama maharage.

Nilirudi na chungu mkononi. Kijana hakubishana, akanipa mmea mwingine kwa elfu sita. Hapo nampa alama zake. Safari hii nilijipandia mwenyewe kwenye sufuria kuukuu niliyoitoboa matundu matano kwa msumari. Mwanza mchanga hatuutafuti mbali: chini ya majabali, mvua ikishapita, unabaki ule wa chenga kubwa kubwa unaochoma nyayo. Nilichanganya makopo mawili ya mchanga huo, moja la udongo na moja la maganda ya mpunga yaliyochomwa. Maji namwagilia baada ya kuchomeka kidole na kukuta kukavu, kama kila siku nane au kumi, na wakati wa mvua hata zaidi ya hapo.

Mmea ukanawiri. Maua yakaisha, nikakata vikonyo vyake vilivyokauka, nikasubiri mengine. Mwezi, miwili, mitano. Majani yanaongezeka tu kama mchicha wa bondeni.

Nikarudi mara ya tatu. Jibu la kijana: "Hiyo inataka busta." Chupa elfu sita. Nikaweka, majani yakazidi kunenepa, ua hakuna. Hili ndilo linalonikera kwenye vitalu vyetu vingi: muuzaji hakuulizi mmea umeuweka wapi, anakuuzia dawa ya ugonjwa asioujua.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu, bwana shamba mstaafu, alipoleta suruali nimpunguzie kiuno. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Nyakato, na kalankoe ilikaa mezani karibu na cherehani, chini ya taa ndefu. Msimu wa harusi nashona mpaka saa tano usiku. Mzee aliitazama taa, akautazama mmea, akacheka. "Huu unahesabu usiku, na wewe huupi usiku." Akanieleza kwamba asili yake ni Madagaska, na hautungi maua mpaka upate giza refu mfululizo, kama saa 14 kila siku kwa wiki sita hivi. Hata taa ikiwashwa kidogo tu usiku wa manane inaweza kuuvurugia hesabu. Hapa kwetu karibu na ikweta usiku una saa kama 12 mwaka mzima, na mimi nilikuwa naukatia hata hizo.

Mwanzoni mwa Juni nikachukua boksi la biskuti, nikaziba mianya kwa vipande vya kitambaa cheusi. Saa kumi na moja jioni nafunika, saa moja asubuhi nafunua na kuusogeza kwenye jua la asubuhi. Mara mbili nilisahau, nikakumbuka nikiwa nakula ugali, nikatoka mbio mikono ina mchuzi. Mwisho wa Julai niliona katikati ya majani vitu vidogo vya kijani kama punje za ulezi. Septemba rangi ya chungwa ikafunguka, na wateja wakaanza kuulizia maua kabla ya kuulizia nguo zao.

Mimea yao mingine ni mizuri pia, hasa waridi la jangwani lenye shina lililovimba chini kama chupa, ila bei inaanzia elfu ishirini na tano na hawakwambii kwamba utomvu wake ni sumu. Kalankoe nayo ina sumu inayodhuru moyo. Mwenye mbuzi aiweke juu.

Kwa mimea, nyota nne. Kwa ushauri, moja, tena ya kumwonea huruma. Chukueni kiriba chenu, mkapande wenyewe nyumbani.

Wiki iliyopita nilipita kumweleza kijana habari ya giza. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza mara mbili hizo saa. Juzi nikapita tena, nikakuta mama mmoja anauziwa kalankoe nyekundu pamoja na boksi la kufunikia, elfu moja. Chungu alichowekewa kilikuwa cheupe, cha saruji. Nilikigeuza: hakina tundu.