Fishifainda iliyotuonyesha bahari ya uongo

Nyota moja, na kama kuna nusu nipunguzieni.

Fishifainda ni mashine ya kuonyesha kina cha maji na samaki walio chini ya boti. Kioo chake kina inchi ngapi, kina rangi ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi, kasomeni wenyewe. Mie nimekuja na habari ya fundi.

Nina boti ya faiba, tunatokea diko la Deep Sea hapa Tanga. Tunavua mshipi usiku kwenye miamba ya nje, changu na chewa. Nahodha ni mjomba wangu, na kipimo chake cha kina miaka yote ni bildi: chubwi la risasi mwishoni mwa kamba yenye mafundo ya pima, pima moja ni kama mita 1.8. Kaskazi iliyopita tulivua kidogo sana, nikasema na sisi tupate macho chini ya maji. Nikanunua fishifainda. Mjomba aliitazama, akaendelea na kahawa yake.

Fundi wa dukani akaja na dereli, silikoni na maneno mengi. Transdyusa, kile kidude kinachopiga sauti majini, akakifunga nyuma, ubavuni mwa propela kabisa. Akawasha. Kioo kikasoma mita 22, mwamba chini, na matao, yaani alama za samaki, yamejipanga kama siku ya mnada. "Umeona, kaka? Kitu hicho!" Nikapiga makofi. Wallahi nilipiga makofi, na nitawaambia baadaye kwa nini hilo linaniuma kuliko hela.

Usiku wa kwanza tukatoka nje ya Ulenge. Samaki kioo kizima. Tukatia nanga, tukashusha mishipi. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kioo kinafurika na ndoana zinarudi na chambo chake vilevile. Mpwa wangu akaona tao moja kubwa, akapiga kelele kuwa ni silikanti, yule samaki wa kale aliyesababisha tuwekewe hifadhi ya bahari mwaka 2009. Mjomba akamjibu kuwa silikanti anakaa kilindini huko, hapandi mpaka mita 22 kuja kumwamkia yeye.

Alfajiri tunarudi, maji ya bamvua yanakupwa. Nikamwambia mjomba akatize kwa ndani tuokoe mafuta, kioo kinasoma mita 19.

"Hapo fungu, mwanangu."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba mashine haiendi kwa mazoea. Sijafunga mdomo boti imepanda fungu. Propela ikakatika panga moja. Tukashuka kusukuma, maji yakatufika magotini. Magotini! Nageuka kuangalia kioo: mita 19, na samaki wanapita.

Tulikaa pale mpaka maji yalipojaa. Ngalawa moja ikatupita, wakatuuliza kama tunauza kitoweo.

Nikampigia fundi. Sikutukana, nilieleza tu. Akanijibu: "Mashine nzima hiyo. Nyie wavuvi tatizo lenu hamsomi. Soma kitabu." Akakata. Kitabu chenyewe alibaki nacho yeye!

Aliyegundua ni mpwa wangu, nyumbani, kwa kubonyezabonyeza. Mashine ilikuwa kwenye hali ya maonyesho, ile wanayowasha dukani ili wateja washangae. Bahari yote ile ilikuwa picha. Kebo ya transdyusa hata haikuwa imeingia sawasawa. Na dalili zilikuwepo, maana joto la maji lilisoma nyuzi 16, na bahari yetu haifiki huko hata kusi ikivuma vipi. Tena, sasa narudi kwenye makofi, siku fundi anaifunga boti ilikuwa imekaa juu ya mchanga. Maji yamekupwa, watoto wanaokota kaa pembeni. Mita 22 za maji juu ya mchanga mkavu, na mtu mzima nimesimama nashangilia.

Tukaifunga upya sisi wenyewe. Sauti inakwenda majini kama mita 1,500 kwa sekunde, inagonga chini inarudi, mashine inapiga hesabu ya muda. Mapovu ya propela yakiwa njiani hairudi kitu. Basi tukakihamisha kidude mbali na propela, tukakishusha kidogo chini ya usawa wa tumbo la boti, kikalala sawa. Kebo tukaitenga na nyaya za injini. Masafa ya sauti tukaweka kilohezi 200 kwa huku kwenye maji mafupi, 50 tukielekea mkondo wa Pemba.

Na hapa lazima niwe mkweli: inafanya kazi. Inafanya kazi sana. Tumepata mwamba ambao mjomba mwenyewe hakuwa akiujua, na usiku huo tulirudi na changu wa kujaza madebe. Mjomba akatia bildi kuhakiki, ikaja pima nne, kioo mita saba na kitu, ni ileile. Akasema, "Basi nne inaijua. Tuone tano." Kwa mashine, nyota nne.

Lakini nikikumbuka propela mpya, na usiku mzima wa mafuta, nasema hapana, mbili. Mashine inayoweza kudanganya vizuri hivyo ingeandika neno "maonyesho" kioo kizima, si kwa herufi za sisimizi pembeni.

Na laki yangu ya ufundi, yule fundi bado anayo. Nimekwenda dukani mara tatu. Kijana wa kaunta ananiambia, "Shikamoo, bosi katoka," na viatu vya bosi viko mlangoni.