Leza ya macho: kazi nzuri, ila suala la presha ya jicho hawakunielezea vya kutosha

Mi naishi Uyole, miwani nimeanza kuvaa tangu shule, na kwa baridi ya mwezi wa saba huku ukinyanyua tu kikombe cha chai vioo vinajaa ukungu unabaki unapapasa meza, nikajichanga nikashuka Dar kufanya lasiki, ile leza ya kurekebisha macho uachane na miwani. Jina la kliniki naliacha.

Sasa nesi aliniambia "utasikia kubanwa kidogo tu". Kidogo wapi bhana! Wanakutia matone ya ganzi, kope zinashikwa na kichuma usipepese, halafu inakuja pete inakalia jicho na kulinyonya. Kawaida presha ya ndani ya jicho ni kama 10 mpaka 21 kwa kipimo cha mmHg, lakini ile pete ikishabana inaweza kupita 60, maana jicho lazima liwe gumu na litulie ndo wembe ukate sawasawa kifuniko chembamba cha juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Huumii, ila unasikia uzito, na ile taa uliyoambiwa uitazame inafifia, inafifia, giza. Moyo ulinipasuka nikajua nimekuwa kipofu, kumbe damu tu haifiki vizuri nyuma ya jicho, wakiachia pete taa inarudi. Wanaokatwa kifuniko kwa leza badala ya wembe huwa hawabanwi sana hivyo, na PRK, ile leza isiyokata kifuniko, haina pete kabisa.

Kilichoniudhi zaidi ni baada ya hapo. Mama yangu mkubwa wa Tukuyu ana glakoma, ule ugonjwa wa macho unaoendana na presha ya jicho, na niliwaambia, lakini nimepewa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, bila kuambiwa kwamba kuna watu yanawapandisha presha wakiyatumia muda mrefu. Nimekuja kuambiwa hapa Mbeya, nimeenda kucheki, kipimo kimesoma 11 wakati kabla ya leza nilikuwa na 16, mi nafurahi, dokta akacheka akasema "kaka, hiyo namba usiiamini hivyo hivyo, konea yako imepunguzwa, ikiwa nyembamba mashine inasoma chini kuliko presha yenyewe, una karatasi ya vipimo vya kabla?" Nikawapigia Dar wakanitumia kwa WhatsApp, unene wa konea na presha ya mwanzo vyote vipo, na sa hivi nimeprinti nimeweka na kadi ya bima.

Kuona naona aisee, kibao cha daladala nakisoma toka mbali. Nyota nne, ya tano wangeipata kama wangenipa ile karatasi siku ileile bila kuombwa.