weltwärts Süd-Nord: mwaka wa kujitolea Ujerumani unalipa wapi na unakwama wapi

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Bukoba au Nairobi anayetaka kujitolea nje ya nchi bila familia kuuza kiwanja hana chaguo nyingi. Kati ya zilizopo, weltwärts ya Ujerumani ni mojawapo ya zile zilizopangwa vizuri. Ni programu ya wizara ya Ujerumani inayoshughulikia ushirikiano wa maendeleo. Ilianza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nje, na miaka michache baadaye ukafunguliwa upande wa pili, Süd-Nord (yaani Kusini-Kaskazini), unaowapokea vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kama shule ya kazi, tunaipa alama za juu. Kama njia ya mkato ya kuhamia Ulaya tunaipa alama za chini sana, na wengi wanaoondoka na manung'uniko ni wale walioingia kwa matumaini hayo.

Kisheria, ukifika Ujerumani unaingia kwenye Bundesfreiwilligendienst, au BFD, utumishi wa kujitolea ulioanzishwa Julai 2011 baada ya jeshi la lazima kusitishwa. Mkataba unauweka na serikali ya shirikisho yenyewe, si na kituo peke yake, yaani nyumba ya wazee, shule au chekechea utakapofanya kazi. Hilo lina uzito wake: michango yako ya bima ya afya, ya ajali na ya pensheni inalipwa na kituo, na saa zako za kazi na siku zako za likizo zimeandikwa. Juu yake kuna posho. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kilikuwa euro 644 kwa mwezi mwaka 2025, lakini hicho ni kikomo tu, na vituo vingi hutoa chini yake kwa sababu vinalipia pia chumba na chakula. Kabla ya kusaini, uliza posho taslimu ni kiasi gani, chumba kiko umbali gani na kituo, na nani analipa nauli ya basi.

BFD inaweza kufanywa pia bila weltwärts, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukiomba moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee kule Ujerumani, tiketi ya ndege, viza na kozi ya lugha ni juu yako mara nyingi. Ndani ya weltwärts gharama hizo hubebwa na shirika linalokupokea, ambalo nalo hurudishiwa sehemu kubwa na wizara, hadi asilimia 75. Lazima pia pawe na shirika mshirika nchini kwako, na hilo ndilo linalokuchagua. Kwa Tanzania kuna wanaopitia makanisa wanachama wa Vereinte Evangelische Mission ya Wuppertal, umoja wa kimisheni wa makanisa, zikiwemo dayosisi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. ICJA, shirika la kujitolea la Berlin, hufanya kazi na ICYE, mtandao wa kimataifa wa kubadilishana vijana, ambao uko Kenya pia. Nafasi hazinunuliwi. Wakala anayekuuzia "mkataba wa BFD" kwa laki kadhaa anakuuzia karatasi ambayo kituo hutoa bure, na mara nyingine kituo chenyewe hakipo.

Anza miezi tisa hadi kumi na miwili kabla. Lugha ndiyo inayokula muda. Mtihani wa A1 (ngazi ya kwanza ya lugha, ikifuatiwa na A2, B1 na B2) wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, unaofanyika Dar es Salaam na Nairobi, una sehemu nne na unahitaji alama 60 kati ya 100. A1 inatosha kuombea viza, lakini kwenye zamu ya asubuhi haikufikishi mbali. Anayewasili na A2 anapewa kazi na wazee au watoto tangu mwezi wa kwanza, wakati mwenzake wa A1 anabaki jikoni na kwenye chumba cha kufulia hadi Krismasi. Tofauti hiyo haifutiki haraka, kwa sababu anayeosha vyombo peke yake hajifunzi kuzungumza.

Kuhusu nyaraka, cheti cha kuzaliwa (Tanzania hutolewa na RITA) na hati ya tabia njema kutoka polisi watu huvikumbuka. Kinachosahaulika ni kadi ya chanjo. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi chekechea, shuleni au hospitalini aoneshe kinga ya surua, kwa kawaida dozi mbili. Wengi wetu tulichanjwa utotoni, ila kadi ya kliniki ilipotea zamani. Nenda kachanjwe upya nyumbani, uandikiwe tarehe na muhuri, usije ukakaa wiki kadhaa Ujerumani bila kuruhusiwa kuingia darasani. Kama uko katikati ya shahada, peleka barua ya kuahirisha masomo kabla ya kuondoka, na mnufaika wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania, awaarifu wao pia. Kutoweka kimya mwaka mzima ndiko kunakoleta usumbufu wa kurudishwa kwenye orodha.

Wiki mbili za kwanza zina mnyororo wake. Ukihamia chumbani una siku 14 za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na huandikishwi bila karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Uandikishaji huo ndio unaofungua namba ya kodi, akaunti ya benki na kibali cha ukaazi. Karatasi ya mwenye nyumba ikichelewa, posho inachelewa, kwa hiyo shirika zuri huwa nayo mkononi siku unayoshuka uwanja wa ndege. Barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, itakufikia hata kama huna televisheni. Ada hiyo ni ya nyumba nzima. Mnaokaa wengi, mmoja analipa na wengine wanaandika namba yake ya malipo kwenye jibu lao. Ukiitupa barua hiyo, madeni yanajilimbikiza kwa jina lako.

Sasa kazi yenyewe, maana thamani ya mwaka mzima inatoka hapo. Chukua nyumba ya wazee, mojawapo ya vituo vya kawaida. Zamu huanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa makabidhiano: nani hakulala, nani ameanguka, nani hanywi. Kazi ya kujitolea ni kuandaa kifungua kinywa, kusukuma kiti cha magurudumu, kumsomea mtu gazeti, kujaza karatasi ya vinywaji. Karatasi hiyo inaonekana ndogo. Kila kikombe cha mililita 200 kinaandikwa, na kama mzee ameacha nusu unaandika 100, si 200. Mzee mwenye shida ya kumeza hupewa kinywaji kilichokolezwa kwa unga maalumu, na ukimpa maji ya kawaida yanaweza kuingia mapafuni. Mwenye kujifunza kuandika kile kilichotokea, kwa Kijerumani, kila siku, anaondoka na tabia ya kazi inayotakiwa hospitalini, maabara au benki.

Dosari kubwa ya mpango huu iko hapo hapo. Sheria inataka anayejitolea awe nyongeza, asizibe pengo la mfanyakazi. Kwa kuwa nyumba nyingi za wazee zina upungufu wa watu, kijana mchangamfu hujikuta ameachiwa ghorofa. Kugawa dawa si kazi yako, na kubaki peke yako na wakazi si kazi yako. Likitokea, mwambie msimamizi wako wa kituo, kisha liandikie shirika barua pepe yenye tarehe na saa. Mashirika mazuri hubadilisha kituo. Mengine husema vumilia, na hayo ndiyo tunayoyapunguzia alama.

Semina ni siku 25 ndani ya miezi 12 kwa walio chini ya miaka 27, na zinahesabika kama siku za kazi. Zitumie. Ndiko unakokutana na wenzako kutoka nchi nyingine na kusikia vituo gani vinatoa mafunzo ya kazi.

Baada ya mwaka, njia zinagawanyika. Anayetaka kusomea uuguzi Ujerumani ana faida ya wazi, kwa sababu kituo kinamfahamu. Mafunzo ni ya miaka mitatu yenye mshahara, na taasisi za umma hulipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato tangu mwaka wa kwanza. Lakini shule nyingi zinataka lugha ya B2, na vyeti vya sekondari lazima vitambuliwe na mamlaka ya jimbo, jambo linaloweza kuchukua miezi. Kwa hiyo vyeti vipelekwe kabla ya mwezi wa nne wa utumishi, na ombi la kibali kipya liingie kabla kile cha zamani hakijaisha. Wanaosubiri mwezi wa kumi hukosa nafasi wakiwa na sifa zote.

Anayerudi nyumbani ana kazi nyingine. "Nilijitolea Ujerumani" kwenye wasifu haimwambii kitu mwajiri wa Arusha au Mombasa. Andika idadi ya watu uliowahudumia kwa zamu, kumbukumbu ulizojaza, kiwango cha lugha chenye cheti. Waliosoma ustawi wa jamii, elimu maalumu au utalii ndio wanaoona tofauti mapema. Mhandisi aliyekaa mwaka chekechea atapata ukomavu na lugha, ila fani yake itakuwa imesimama, na ni vyema alijue hilo kabla ya kuchagua kituo.

Cha mwisho ni cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, na omba kile cha kina kinachoeleza utendaji na mwenendo, si kile cha tarehe tu. Waajiri wa Kijerumani husoma sentensi moja ndani yake kama alama ya mtihani: "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" (daima kwa kuridhika kwetu kikamilifu kabisa) ni ya juu kabisa, na ikibaki "zu unserer Zufriedenheit" (kwa kuridhika kwetu) umepewa ya kupita tu. Omba rasimu wiki nne kabla ya kuondoka, wakati aliyekusimamia bado yuko na unaweza kuomba irekebishwe.