Dainosa wa karatasi: mwenye shingo ndefu au mwenye miiba?

Mabaki ya wote wawili, Giraffatitan mwenye shingo ndefu na Kentrosaurus mwenye miiba, yalichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, kwa hiyo mtoto anakunja mnyama wa kwetu kabisa, na mimi hilo linanifurahisha sana. Giraffatitan ni karatasi moja tu ya A4, mtoto anakunja katikati, wewe unakata shingo na miguu, dakika kumi kashasimama, ila shingo inalegea haraka mpaka uikunje kwa urefu iwe kama mfereji. Kentrosaurus anataka manila, gundi na subira, maana miiba ya mgongoni inakatwa mmoja mmoja, lakini gundi ikikauka anadumu, wa kwetu kachezewa wiki nzima. Mtoto wa miaka mitatu, anza na shingo, wa sita aliyezoea mkasi mpe miiba.