Kupanga Kisumu: Kagua Steji Kabla ya Nyumba

Nyumba yangu ya kwanza Kisumu niliipendea vigae. Vyeupe pe, jikoni hadi bafuni, na kodi ya kuvutia. Keateka, yule mtunza nyumba, akaniambia, "Omera, hapa na lami ni dakika tano tu." Sikumuuliza kama ni dakika tano za miguu au za pikipiki. Zilikuwa za pikipiki, tena ya kijana anayejua kila shimo.

Safari hiyo fupi ya kutoka getini hadi lami ndiyo wapangaji wengi husahau kuipigia hesabu. Tuseme boda ni shilingi 50 asubuhi na 50 jioni, nawe unaenda kazini siku 26 kwa mwezi. Hizo ni 2,600. Matatu nayo ikila kiasi hicho hicho, nauli imefika 5,200. Nyumba ya 6,000 huko ndani ndani inakugharimu 11,200. Ya 8,500 kando ya lami, ambako unapanda matatu peke yake, ni 11,100. Hapo sijahesabu sabuni ya kufulia suruali wakati wa masika.

Naandika nikimfikiria mtu asiye na gari, anayefanya kazi katikati ya mji, upande wa Oginga Odinga Street, na anayetakiwa awe ameketi kazini saa mbili asubuhi.

Mtu huyo ningemwambia aanze Kondele na majirani zake, Migosi na Kenya Re. Magari ya Mamboleo, Kiboswa na Kakamega yakielekea mjini hupitia Kondele, na barabara ya mchepuko inayotoka upande wa Nyamasaria kwenda Kisian inakatiza hapo hapo. Gari moja likikupita limejaa, huna haja ya kununa, kuna jingine nyuma. Usiku vilevile. Ukitoka kazini saa nne bado utapata gari, na ukishuka utakuta samaki wa kukaangwa. Anayefanya kazi hospitali ya Jaramogi, ile wazee wanayoiita Russia, anaweza hata kutembea. Kasoro ni kelele, na siasa. Nchi ikichafuka, Kondele hufungwa mapema kwa mawe na matairi yanayowaka, na hapo faida yote ya njia panda inageuka hasara. Ndiyo maana mimi ningelala Migosi, nitembee kidogo asubuhi, kuliko kulala juu ya njia panda yenyewe. Jumapili pia hesabu foleni ya Kibuye, siku ya soko.

Ya pili ni Nyalenda, upande wa Ring Road. Uzuri wake hauko kwenye matatu, uko kwenye kuikwepa: miguu yako inakufikisha mjini, na mvua ikikushtukiza kuna tuktuk. Lakini ardhi yake ni tope jeusi na mto Auji unapita humo, kwa hiyo ukienda kuona nyumba, angalia ukuta wa nje chini kabisa. Mstari wa maji ya mwaka jana hauchukui rangi vizuri.

Mamboleo naiweka ya tatu. Ukipata gari linaloanzia hapo, unakaa dirishani huku wenzako wa mbele wakibanana. Ukipanga mbele zaidi, kule mlimani Riat, umebaki kutegemea yanayoshuka kutoka Kakamega, nayo asubuhi huwa yamejaa. Wiki ya maonyesho ya kilimo, usimwahidi mtu saa.

Nyamasaria iko kwenye barabara ya Nairobi, na tatizo lake ni lile lile: mtu wa Ahero amekutangulia kwenye kiti. Isitoshe, huko ndiko nyanda za Kano zinakoanzia, na mafuriko si hadithi.

Otonglo na Kisian ni za mwisho. Nauli inapanda, na magari ya Maseno na Bondo hayakufikirii wewe wa katikati ya njia. Ila kama unafanya kazi uwanja wa ndege au KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba pale Kisian, geuza orodha hii yote juu chini. Wewe utakuwa hulazimiki kugombania gari la mjini asubuhi, na anayekaa Kondele akifanya kazi Kisian ndiye atakayekuonea wivu.

Popote utakapopendezwa, usitoe depositi siku hiyo hiyo, hata dalali akikuambia kuna mtu mwingine anakuja saa kumi. Rudi Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama stejini robo saa, uhesabu magari yanayopita yakiwa na nafasi. Jioni rudi tena, uulize gari la mwisho hufika saa ngapi. Usimuulize dalali. Muulize anayeuza chai na mandazi pale stejini, kwa sababu yeye huona nani anachelewa kila siku.

Mimi nilimuuliza mmoja Nyamasaria, nikamwonyesha kwa kidole lile jengo jipya nililolipenda. Hakuinua kichwa kutoka kwenye karai. "Lile la kule ndani? Basi, mwanangu, nunua gambuti kwanza." Nikanunua mandazi mawili, nikapanda gari la kurudi mjini.