Modeli za manowari za Kisovieti za kubebea ndege: uanze na ipi?

Ukiwa na hela ya sanduku moja tu, chukua Kiev, skeli ya 1:700 (modeli ni ndogo mara 700 kuliko meli halisi). Hakuna nyingine inayoonyesha wazi namna wabunifu wa Kisovieti walivyovutana, makombora au ndege. Nusu ya mbele imesheheni silaha, ikiwemo mirija minane minene ya makombora ya Bazalt. Sitaha ya ndege imesukumwa kushoto, inapita kimshazari kando ya mnara. Nafasi ya kukimbia ilikuwa finyu, ndiyo maana meli hii, iliyoingia kazini 1975, ilibeba ndege za Yak-38 zinazopaa wima. Ikikamilika ina sentimita 39, inakaa vizuri kwenye rafu ya vitabu.

Ya pili ni Admiral Kuznetsov. Hapa sitaha imetwaa meli nzima, tezi hadi omo, na omo imeinuliwa ili ndege za Su-33 ziruke. Makombora hayakuondoka: Granit 12 zimezikwa chini ya sitaha. Kabla ya kulipa, tazama picha za vipande. Vifuniko vya makombora hayo vionekane vimechorwa kwenye sitaha ya mbele; visipoonekana, tafuta toleo jingine. Wasovieti waliiita kruza (manowari kubwa ya silaha) nzito ya kubebea ndege, jina lililowafaa pia mbele ya Mkataba wa Montreux wa 1936, unaosimamia upitaji wa manowari kwenye milango-bahari ya Uturuki na kuzibana meli za kubebea ndege. Skeli ya 1:350 inavutia mno, ila ni sentimita 87. Pima meza kwanza.

Baku ni ya mwenye Kiev tayari. Mirija ya makombora imefika 12. Meli yenyewe iliuzwa India, ikang'olewa makombora, ikapewa omo ya kupandia, na tangu 2013 ni Vikramaditya. Ukiweza kuweka modeli ya Baku na ya Vikramaditya pamoja, fanya hivyo.

Naiweka Moskva ya 1967 mwisho, ingawa ndiyo iliyotangulia: silaha mbele, uwanja wa helikopta nyuma, helikopta 14 aina ya Ka-25 za kusaka nyambizi. Ukipata ya rezini, nunua supa glu, maana gundi ya plastiki haitashika. Na usinunue kwa jina tu. Moskva iliyozama Aprili 2022 ni kruza nyingine kabisa, haina sitaha ya ndege. Soma namba ya mradi (namba ya muundo wa meli) kwenye sanduku: unayoitaka ni 1123, ile nyingine ni 1164.